Mzigo Umevuka Namanga, Jina Je?

Ukisimama nusu saa tu Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, pale kwenye foleni ya malori, utaisikia kauli hii kwa madereva, kwa mawakala wa forodha, mpaka kwa muuza chai: "Ndani ya Jumuiya hakuna ushuru, bwana." Na wala hawasemi uongo. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na tangu 2010 bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama zinavuka bila ushuru wa forodha. Lakini kauli hiyo imewatia watu hasara, maana anayeisikia hudhani ameshaambiwa sheria yote, kumbe ameambiwa kichwa cha habari tu.

Jioni hii naongea na msindikaji mdogo wa chakula anayetaka kuuza nje ya nchi. Mwenye kiwanda kikubwa nimwache, yeye ana mwanasheria wake, na akipiga simu wizarani inapokelewa. Tumchukulie mama wa Singida anayesaga siagi ya karanga. Alianza na mashine ya kukodi, leo ana yake, ana vijana wachache wa kazi na kopo lenye lebo ya rangi. Duka moja la Nairobi limeonja, limependa, linataka katoni hamsini za kuanzia. Mama anauliza: sasa nifanyeje?

Kwanza aeleze kilichomo ndani ya kopo kimetoka wapi. Ushuru umefutwa kwa bidhaa yenye uasili wa Afrika Mashariki, na kufungashiwa Singida peke yake hakuipi bidhaa uasili. Karanga za Singida na chumvi ya Uvinza hazina maneno. Akiongeza sukari ya Brazili na mafuta ya mawese ya Malaysia, anaingia kwenye Kanuni za Uasili za Jumuiya za mwaka 2015. Kanuni hizo zinaeleza, aina kwa aina, malighafi ya nje inaruhusiwa kwa kiasi gani, au ni usindikaji gani lazima ufanyike kwetu ndipo bidhaa ihesabiwe kuwa yetu.

Usione sukari kuwa ni jambo la jikoni. Mwaka 2018 Tanzania ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa pipi, chokoleti na biskuti kutoka Kenya, kwa hoja kwamba zimetengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingizwa kutoka nje kwa unafuu wa ushuru. Wakenya walikataa, ikabidi wataalamu wapelekwe viwandani kukagua. Makampuni yale yana wahasibu na kumbukumbu za miaka. Mama wa Singida naye aanze leo kutunza risiti za karanga na sukari anayonunua, hata kama anayemuuzia ni jirani wa kijijini na risiti yenyewe ni ya kuandikwa kwa mkono.

Cheti cha uasili kwa mzigo wa kawaida kinatolewa na TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupata cheti rahisi pale pale mpakani. Kwa wadogo huu ni msaada mkubwa, na nashangaa wangapi hawaujui. Ila tusidanganyane: wapo wanaogawa mzigo mmoja vipande vitatu, kila kimoja chini ya dola 2,000, siku moja, gari moja. Maofisa wa forodha walishaujua mchezo huo. Na wanaopita njia za panya ndio wanajichimbia shimo kabisa, kwa sababu siku mkaguzi atakapoingia dukani Nairobi na kuomba nyaraka za kuingiza bidhaa, mwenye duka atakutaja wewe, na bidhaa yako itaondoka na mkaguzi.

Neno moja la haraka kuhusu kodi. Ushuru wa forodha ukifutwa, VAT haijafutwa. Kenya kiwango cha kawaida ni asilimia 16, na anayelipa ni aliyeingiza mzigo. Mwambie mapema ili bei mnayokubaliana iwe imeshaihesabu.

Sasa tufike kwenye viwango, na hapa ndipo penye moto. Karanga na mahindi vina adui mmoja, sumukuvu. Ni sumu inayotokana na kuvu, ule ukungu unaoota mazao yakianikwa chini kwenye udongo au yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri. Huioni kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu kisichozidi mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu yote kwa ujumla, na 5 kwa ile aina kali inayoitwa B1.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, sababu ikiwa hiyo sumukuvu. Malori yakakwama. Baada ya siku chache tu zuio likalegezwa kwa masharti: waingizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kiasi cha sumukuvu, na uwe na cheti cha uasili. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na biashara ya mpakani ikawa miongoni mwa mambo aliyozungumza na Rais Kenyatta.

Nilivyoona mimi, Kenya ilikuwa na hoja kuhusu sumu na haikuwa na hoja kuhusu utaratibu. Hofu yao si ya kubuni. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Nchi iliyozika watu wake namna hiyo ina haki ya kupima. Lakini kufunga mpaka kwa barua, wakati magari yako barabarani na mzigo umeshalipiwa, ni kumwadhibu hata yule aliyepima akafaulu. Nasi tusijifanye malaika: mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto upande wetu, pale pale Namanga, kwa sababu ya hofu ya mafua ya ndege. Mwenye vifaranga hakuwa na kibali. Ukiniuliza kama kuvirudisha kungeshindikana, nitakujibu sidhani.

Mama wetu afanye nini hapo? Awe na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango la Tanzania. Wale ambao bado mnaitafuta TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwa mambo ya chakula, kazi hiyo ilihamia TBS mwaka 2019. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo, TBS humhudumia bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji inataka nchi wanachama zitambuliane alama za ubora, yaani bidhaa yenye alama halali ya TBS isipimwe upya Kenya kana kwamba imeshuka kutoka mwezini. Ikitokea mkaguzi anang'ang'ania, mama aitaje sheria hiyo kwa adabu, amwonyeshe leseni yake, na wakala wake aandike malalamiko ya kikwazo kisicho cha kiforodha. Mfumo wa kuyapokea upo.

Lakini alama ya ubora haikingi bechi mbovu. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi zilizokuwa zinauzwa humo humo Kenya, tena chapa zinazojulikana. Kwa hiyo usidhani kipimo kinawaangalia wageni tu. Kila bechi ya siagi ipimwe, cheti cha maabara kisafiri na mzigo, na namba ya bechi iandikwe kwenye kila kopo. Bila namba hiyo, kopo moja likigundulika na kasoro utaamriwa kuondoa madukani kila kopo lenye jina lako. Ukiwa nayo, unaondoa bechi moja na biashara inaendelea.

Kuhusu lebo sitakaa sana. Jina la chakula, viambato kwa kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya bechi, tarehe, namna ya kuhifadhi. Karanga zimo kwenye orodha ya vyakula vinavyowadhuru wenye mzio, kwa hiyo zitajwe waziwazi. Wanaoniuliza kuhusu Muscat na Dubai, kule lebo lazima iwe na Kiarabu, na jambo hilo lina kipindi chake.

Ila kuna ugonjwa mmoja wa lebo zetu ambao siwezi kuupita kimya. Unakuta kopo la siagi ya karanga limeandikwa: hutibu kisukari, huondoa vidonda vya tumbo, huongeza nguvu za kiume. Ndugu yangu, ukiandika hivyo umekitoa chakula chako kwenye sheria ya chakula ukakipeleka kwenye sheria ya dawa. Kenya utaulizwa na bodi ya famasia, na majibu huna. Andika kwamba ni siagi ya karanga, nguvu za kiume ziache.

Sasa tuje kwenye pesa na mkataba. Wafanyabiashara wetu wanapenda mali kauli: chukua mzigo, uza, unilipe. Kati ya watu wanaofahamiana mtaa mmoja, inakwenda. Ukivuka mpaka, mali kauli bila karatasi ni sadaka. Na usidhani ukubwa wa duka ni dhamana. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, iliyokuwa na matawi katika nchi kadhaa za ukanda huu, wadai wake walipiga kura ifilisiwe Januari 2020. Waliopeleka bidhaa kwa mkopo walijikuta kwenye foleni ya wadai nyuma ya mabenki, kwa sababu benki ina dhamana iliyosajiliwa na wewe una hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri uliofifia.

Kwa hiyo mkataba wa mama, hata ukiwa wa kurasa mbili, useme mambo haya: mali inabaki ya muuzaji mpaka ilipwe yote. Nusu ya pesa ilipwe kabla gari halijaondoka Singida. Kopo likipitwa na tarehe rafuni, hasara ni ya nani? Maduka mengi huandika, kwa herufi ndogo, kwamba ni ya msambazaji, nawe unasaini ukishangilia oda. Useme pia mgogoro utaamuliwa wapi. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye Mkataba wa New York wa mwaka 1958, hivyo uamuzi wa usuluhishi uliotolewa Arusha unaweza kukaziwa Nairobi. Hukumu za mahakama zetu nazo zina njia ya kusajiliwa kule, kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo sheria yao inazitambua. Njia ipo, lakini kwa katoni hamsini wakili atakula zaidi ya deni. Ndiyo maana nasema nusu ya pesa itangulie.

Wapo pia wanaotaka kuvuka wenyewe na jiko lao, wafungue mgahawa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatoa haki ya kuanzisha biashara katika nchi mwanachama. Haki hiyo ipo kwenye maandishi, halafu kuna leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya kila mpishi, na kibali cha kazi. Sisi wenyewe Julai 2025 tulitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo jumla na rejareja isipokuwa supamaketi, na viwanda vidogo. Wakenya hawakufurahi, na ukiisoma itifaki utaelewa kwa nini. Anayetaka kufungua mgahawa nchi jirani namshauri atafute mbia mwenyeji, na amchunguze kama anavyomchunguza anayeposa binti yake.

Lililonileta hasa kwenye kipaza sauti leo ni jina. Mzigo wa mama una sheria ya Jumuiya inayousindikiza: umoja wa forodha, viwango vya pamoja, vyeti vinavyotambuliwa. Jina lililoandikwa kwenye kopo halina msindikizaji yeyote. Alama ya biashara inalindwa nchi kwa nchi, ofisi kwa ofisi. Mama akisajili alama BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, amelindwa Tanzania Bara. Zanzibar ni ofisi nyingine, BPRA, na sheria nyingine, kwa hiyo boti ya Azam tu imeshamtoa nje ya ulinzi wake. Kenya ni ofisi nyingine tena, KIPI. Na wengi hata huko BRELA hawajasajili alama, wamesajili jina la biashara, wakadhani wamemaliza. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimpi mtu haki ya kumzuia mwingine asiliweke kwenye kopo.

Angalia linavyotokea. Mama hana mtu Nairobi, anapata wakala. Wakala ni mchangamfu, anajua maduka, anasema: "Mama, usisumbuke, mambo ya usajili huku niachie mimi, niletee tu lebo." Mama anashukuru. Wakala anakwenda kusajili alama ya biashara kwa jina lake mwenyewe. Wakati mwingine hana nia mbaya, amefuata njia fupi. Miaka miwili wanauza vizuri. Siku wanapokosana bei, mama anatafuta wakala mwingine, anapeleka mzigo, na yule wa kwanza anatoa cheti chake cha KIPI. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia inamlinda mwenye haki iliyosajiliwa Kenya. Kwenye makaratasi, siagi iliyosagwa Singida na aliyeibuni ndiyo inayoweza kulalamikiwa kuwa bandia.

Kuna kinga. Mkataba wa Paris, ambao nchi zote mbili zimeuridhia, unamruhusu mwenye alama kupinga usajili uliofanywa na wakala wake bila ruhusa. Lakini kupinga maana yake ni wakili wa Nairobi, viapo, barua za zamani kama ushahidi kwamba jina ni lako, na huku maduka yanasubiri, au hayasubiri. Hata serikali zimetoka jasho kwa jambo hili. Ethiopia mwaka 2005 iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake, Harar, Sidamo na Yirgacheffe, ikakuta upinzani wa chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa kule, na mzozo wake na Starbucks ukamalizika kwa makubaliano katikati ya 2007. Hiyo ni nchi nzima, yenye wizara na mabalozi.

Kwa hiyo jina liende kabla ya katoni ya kwanza. Mkataba wa Paris huo huo una nafasi ambayo wadogo hawaitumii: ukiwasilisha ombi la alama BRELA, una miezi sita ya kuwasilisha ombi kama hilo Kenya, na likahesabiwa kana kwamba uliliwasilisha siku ile ile ya BRELA. Mtu aliyekuwahi katikati ya miezi hiyo hakuwahi kitu. Kabla ya kulipa ada, omba upekuzi KIPI ujue kama jina lina mwenyewe. Kama lipo, afadhali kubadili jina sasa, lebo zikiwa hazijachapwa. Na kwenye mkataba wa wakala andika wazi kwamba jina, lebo na usajili wowote utakaofanyika ni mali ya mama, na siku uhusiano unapokwisha wakala anasaini kuvirudisha ndani ya siku kadhaa mlizotaja.

Fomu itakuuliza daraja la bidhaa. Siagi ya karanga iko daraja la 29. Nalitaja kwa namba kwa sababu wajasiriamali wetu hawakai na bidhaa moja. Mwaka unaofuata mama atatoa pilipili ya chupa kwa jina lile lile, na pilipili ya chupa iko daraja la 30. Ombi la 29 haliifuniki. Kama ana mpango wa pilipili, aombe madaraja yote mawili tangu siku ya kwanza, alipe ada zote mbili, na katoni zisubiri.

Maswali ya Muscat na Dubai nimeyaona ni mengi. Wiki ijayo saa hizi hizi, tuanze na hiyo lebo ya Kiarabu.